Kompyuta moja nyumbani, baba haoni na wengine wanaona: tunaitumiaje pamoja?

Mwalimu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, sioni tangu utotoni, na nyumbani kwangu Tabata tuna kompyuta mpakato moja tu, ya mtumba, tuliyoinunua Kariakoo kwa fedha ya upatu wa mke wangu. Tunaitumia watu wanne: mimi kwa kutunga mitihani na kuandaa masomo, mke wangu kwa hesabu za biashara yake ya kushona, kijana wetu wa kidato cha tatu kwa kazi za shule, na binti wa darasa la pili ambaye kazi yake kubwa ni katuni. Nimeona mara nyingi watu wakiuliza humu ni programu gani inayomfaa asiyeona, na hujibiwa vizuri, lakini sijaona anayezungumzia kinachotokea baada ya programu hiyo kuwekwa kwenye kompyuta ambayo si ya mtu mmoja. Kwetu ugomvi ulianzia hapo hapo.

Nianze na tukio. Mwezi uliopita nilikuwa ofisi ya walimu, mke wangu akanipigia simu akiwa kwa fundi, na kwa sauti ya kutoa habari za msiba akaniambia kwamba kompyuta imekufa. Aliiwasha asubuhi ili aandike oda za wateja, ikafika vizuri kwenye ukurasa wa kuingilia, lakini alipoandika nywila tu kioo kikawa cheusi tii. Fundi alikuwa amekwisha kuchomeka skrini nyingine, nayo ikawa nyeusi vilevile, kwa hiyo akahitimisha kwamba tatizo si kioo bali chipu ya picha, na kwamba ubao mkuu ubadilishwe. Nikamwuliza mke wangu kama hedifoni zangu bado zimechomekwa. Akasema zimo, nikamwomba azichomoe. Papo hapo nikaisikia kwenye simu sauti niliyoizoea ikitaja jina la dirisha, na nyuma yake fundi akisema, "Mama, humu mna kirusi, kompyuta inaongea yenyewe." Nikaomba apewe simu. Nikamwambia ashikilie Caps Lock na Control, kisha aguse Escape mara moja. Pakawa kimya, halafu nikasikia, "Eh!" Kioo kilikuwa kimewaka.

Nilichokuwa nimefanya usiku uliotangulia ni kushusha pazia. NVDA, ndiyo programu ninayoitumia kusomewa skrini kwa sauti, ina amri tangu toleo la 2019.3 inayofanya kioo kiwe cheusi kabisa huku kompyuta ikiendelea na kazi, ili asiyeona aandike barua yake bila mtu kuisoma juu ya bega lake. Ukibonyeza mara moja, pazia linadumu hadi programu izimwe. Ukibonyeza mara mbili mfululizo, linabaki hadi uliondoe mwenyewe, hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya. Nilikuwa natunga mtihani wa kidato cha tatu, na kijana wangu yuko kidato hicho katika shule hiyo hiyo, kwa hiyo nilibonyeza mara mbili, nikavaa hedifoni, nikamaliza, nikafunga kompyuta, nikalala. Fundi alidai shilingi 10,000 za kuangalia na nikazilipa bila neno, maana kosa lilikuwa langu.

Sasa geuzeni upande wa pili, ambao mimi hukutana nao karibu kila wiki bila mtu yeyote kwenda kwa fundi. Binti anatazama katuni usiku, mama yake anamwambia apunguze kelele, naye anaibana sauti yote. Au kijana anasikiliza kwa hedifoni zake za Bluetooth, anaziacha zimeunganishwa, anaingia kulala nazo. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya daladala, nabonyeza kitufe cha kuwashia, nangoja, sisikii kitu. Kwa anayeona, kompyuta iliyobanwa sauti ni kompyuta nzima isiyopiga muziki. Kwangu mimi ni kitu kilichokufa, tena kilichokufa bila kusema kimekufa kwa ugonjwa gani. Huenda uniti za LUKU ziliisha usiku na betri, ambayo ni kongwe, ikaisha nayo. Huenda Windows inajisasisha na kwenye kioo pana maneno ya kuomba subira ambayo hakuna anayenisomea. Huenda imeganda. Huenda NVDA haikuwaka. Na huenda inaongea vizuri kabisa, inasoma majina ya mafaili yangu moja baada ya jingine, ila inayasomea sikio la mtu aliyelala chumba cha pili.

Ninachofanya asubuhi hizo ni hiki. Nalaza kiganja ubavuni, penye feni, nitafute joto. Natelezesha kidole kwenye matundu nione kama kuna waya wa mtu. Nabonyeza kitufe cha kuongeza sauti mara kumi. Nabonyeza Control, Alt na N, ambayo ndiyo amri ya kuiwasha NVDA, na nikikosa jibu nabonyeza Control, Windows na Enter ili niamshe Narrator, msomaji anayekuja na Windows yenyewe. Nikishindwa hapo, namwamsha mtu. Na kumwamsha mtoto wa shule alfajiri ili akuambie kama kompyuta imewaka ni jambo ambalo baba hulifanya mara ya kwanza akicheka, na mara ya sita hacheki tena.

Baada ya siku ile ya fundi tulikaa mezani wote wanne tukakubaliana kwamba kila anayeinuka kwenye kompyuta aiache ikionekana na ikisikika, hata kama yeye mwenyewe hana haja na kimojawapo. Mimi nainua pazia, wao wanachomoa hedifoni na kuacha sauti nusu. Tunakwenda vizuri kiasi. Naomba wenye nyumba za namna hii waeleze wanavyoishi.

Fundi wa Kariakoo

Mwalimu, pole, na nakiri kwamba hata mimi ningesema ni chipu ya picha, kwa sababu skrini ya pili ikiwa nyeusi ndiko mawazo yanakokimbilia. Hata hivyo naona mlikuwa mnaingia wote kwa akaunti moja, na hilo ndilo lililowaponza. Mtengenezee kila mtu akaunti yake ya Windows, ya kwako iwashe NVDA mara tu unapoingia, na za wengine zisiiwashe. Pazia ni mpangilio wa NVDA ndani ya akaunti yako, kwa hiyo mama akiingia kwa akaunti yake halimfuati.

Nakushauri pia uruhusu NVDA isome ukurasa wa kuingilia, ili usikie unapoandika nywila. Mpangilio huo uko ndani ya NVDA yenyewe, lakini unafanya kazi kwa ile iliyosakinishwa kwenye kompyuta tu. Ile ya kubeba kwenye fleshi haiwezi kuongea kabla mtu hajaingia. Na akaunti za watoto ziwe za kawaida, zisiwe na mamlaka ya kuondoa programu. Nilipata mteja ambaye kijana wake aliiondoa NVDA akidhani inajaza nafasi bure, na baba alirudi kazini akakuta kompyuta bubu.

Mwalimu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Nashukuru, fundi. Tumeshafanya hivyo baada ya tukio, na ushauri wako ni sahihi kwa sehemu kubwa. Ikoni zangu sasa hazihamishwi na mtu, na mtoto akibadilisha mpangilio wake anajibadilishia mwenyewe. Kabla ya kuandika nywila nasikiliza kwanza jina linalotajwa, kwa kuwa ukurasa wa kuingilia humkumbuka aliyetumia mwisho. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika nywila yangu kwenye akaunti ya binti na kujiona nimezeeka. Sauti hiyo ya mlangoni inamsomea kila mtu, anayeona na asiyeona, na binti yangu siku hizi huiiga mbele ya wageni, tena huiiga vizuri kuliko ninavyopenda.

Lakini akaunti haziondoi tatizo lenyewe, na hapa naomba tuelewane, kwa sababu wengi wanaamini zinaliondoa. Sauti ya Windows ni ya mashine, si ya mtu. Binti akiibana ndani ya akaunti yake, nami nikaingia kwangu, naikuta imebanwa vilevile. Hedifoni zilizochomekwa ni hivyo hivyo: tundu halijui ni nani ameingia. Lipo pia suala la uwezo wa kompyuta. Yetu ina RAM ya GB 4, na kijana akiiacha akaunti yake wazi na kurasa zake kumi za intaneti, mimi nikaingia juu yake, sauti ya NVDA inakwama katikati ya neno kama mtu mwenye kwikwi. Anayeona hungoja ukurasa ufunguke huku akitazama dalili za kufunguka, lakini mimi nikikwama katikati ya neno sijui hata niko wapi. Kwa hiyo kwetu hatubadilishani akaunti tu. Anayemaliza anatoka kabisa.

Mama wa Mbagala

Habari yako, Mwalimu. Nimesoma uzi huu mara mbili na mara ya pili nilimsomea binti yangu, ambaye haoni na yuko mwaka wa pili chuo kikuu, sasa yuko nyumbani kwa likizo. Kwetu aliyeleta kompyuta ni yeye, na wanaoiomba ni kaka zake wawili. Malalamiko yao ni kelele. Wanasema sauti ile inakimbia kama kanda ya redio inayopelekwa mbele kwa kasi, hawaelewi hata neno moja, na wakiwa wanatazama mpira sebuleni inawakera. Mimi mwenyewe nikimsaidia kutafuta kitu siwezi kuifuata. Anasema amesikia, mimi nasikia mchele ukimwagwa kwenye ungo.

Jambo la pili ni dogo. Nilinunua kava la plastiki la kufunika kibodi kwa ajili ya vumbi, na tangu siku hiyo amekuwa akikosea kuandika na kulaumu kava. Nilidhani ananung'unika tu. Je, ana haki?

Mwalimu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Mama, ana haki yote, na nianze na kava kwa kuwa ndilo jepesi. Kwenye kibodi yoyote ya kawaida, vitufe vya F na J vina kinundu kidogo kwa chini, na ukiwa na kibodi yenye tarakimu pembeni, 5 nayo inacho. Anayeona huenda ameishi na kompyuta miaka kumi bila kuviona, maana hahitaji. Sisi tunaweka vidole vya shahada pale na vitufe vingine vyote vinajipanga kutokea hapo. Kava likivifunika, mikono inakosa nyumbani pa kurudi. Kidole kikisogea kitufe kimoja kulia, sentensi nzima inaharibika, na mwandishi anagundua pale tu anaposikia upuuzi ukisomwa. Ama ulitoboe kava kwa wembe juu ya F na J, ama udondoshe tone la rangi ya kucha juu ya kava mahali hapo, likauke usiku mzima, kisha aliguse mwenyewe aseme kama linatosha. Tone lisiwe kubwa. Mke wangu aliweka kubwa kama punje ya mtama, kidole kikawa kinateleza.

Kuhusu kasi, wale vijana wavumilie kidogo. Ninyi mkifungua ukurasa mnautupia jicho lote kwa mara moja na kuruka yasiyowahusu, lakini sisi tunapewa neno moja baada ya jingine, kwa hiyo njia yetu ya kuruka ni kukimbiza sauti na kuikata kwa kitufe cha Control pale tunapochoka. Ikisoma kwa mwendo wa mtangazaji wa taarifa ya habari, hatumalizi kazi. Ukimsaidia binti yako, mwombe afungue kwenye menyu ya zana za NVDA dirisha linaloandika kila neno linalosemwa. Litakaa pembeni ya skrini, wewe utasoma kwa macho yale anayoyasikia, na hamtabishana tena kama kitufe kimetajwa au hakikutajwa. Mimi hulifungua kila mke wangu anapokaa nami.

Ipo pia habari ya lugha. Wengi wetu tunaanza na sauti ya Kiingereza iliyokuja na Windows, nayo ikisoma Kiswahili inageuza "wewe" kuwa "wiwi" na kumsumbua kila mwenye masikio chumbani. Ndani ya NVDA kuna sauti nyingine iitwayo eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili. Haipendezi, inasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa, lakini inatamka silabi zilivyoandikwa, na binti yangu aliweza kuielewa baada ya siku mbili. Kelele zilizobaki huondolewa na hedifoni ya sikio moja. Nasema moja kwa makusudi: sikio la pili nalihitaji nisikie nani ameingia, sufuria inachemka au la, na kama nimeitwa. Asiyeona akiziba yote mawili amejitoa nyumbani.

Kimara Mwisho

Mwalimu, umenikumbusha kundi ambalo husahaulika pande zote mbili, nalo ni sisi wenye uoni hafifu. Mimi naona, lakini kwa kukuza. Natumia kikuza skrini cha Windows, ambacho kinawashwa kwa kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, na kinafungwa kwa Windows na Escape. Natumia pia rangi za ukinzani mkali, nyeusi nyuma na maandishi ya njano, ambazo huwashwa kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja. Wadogo zangu walipozikuta mara ya kwanza walidhani kioo kimeingia maji, na mmoja wao, katika kuhangaika kurekebisha, alibonyeza kila kitu hadi akabadilisha hata saa.

Kwangu akaunti tofauti zimemaliza karibu kila kitu, kwa kuwa rangi na ukuzaji hukaa ndani ya akaunti yangu. Kilichobaki ni mwanga wa kioo. Macho yangu yanauma mwanga ukiwa mkali, kwa hiyo naushusha hadi karibu na mwisho, na atakayefuata anakuta kioo hafifu, hasa mchana tukiwa barazani. Naona mwanga uko kama ile sauti yako: ni wa mashine. Tumekubaliana kuurudisha, na mimi ndiye ninayesahau mara nyingi zaidi, kwa sababu ninapomaliza huwa nimechoka na nataka kufumba macho tu.

Mkazi wa Kigamboni

Ninaona, mke wangu haoni, na naomba kukiri kosa ambalo nililifanya kwa miaka miwili nikidhani ni upendo. Kila alipokwama, nilichukua kipanya nikabofya mwenyewe. Kwangu ilikuwa sekunde tatu. Kwake, kompyuta ilikuwa imeruka kutoka mahali alipokuwa kwenda mahali asipopajua, na nilipoondoka alianza kutafuta upya kwa kitufe cha Tab. Tena kabla sijabofya, kipanya kilipokuwa kinapita juu ya skrini, NVDA ilikuwa inasoma kila nilichokigusa njiani, kwa hiyo alikuwa anasikia vipande vya maneno kama mtu anayefunguafungua milango ya vyumba vya watu. Baadaye alinionyesha kwamba kitufe cha NVDA (yaani Insert, au Caps Lock kwa aliyeichagua) pamoja na M kinaizuia isifuate kipanya, na sasa tunakibonyeza kabla sijagusa chochote.

Neno lililokuwa likimchosha zaidi ni "pale". Pale juu, pale kulia, pale penye alama nyekundu. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Baba, pale panaitwaje?" Nikatazama nikakuta kitufe kina jina lililoandikwa wazi, nami sikuwahi kulisoma. Sasa namwambia jina, yeye analitafuta kwa kibodi, na mara nyingi analifikia kabla yangu.

Jingine ni mafaili. Mimi nilikuwa nikipokea tangazo la shule ya watoto, nalipiga picha kwa simu, nalihamishia kwenye kompyuta na kuliacha na jina lake la herufi na tarakimu. Kwake hilo ni karatasi nyeupe. NVDA ina amri, kitufe chake pamoja na R, inayojaribu kutambua maandishi ndani ya picha, na husaidia picha ikiwa imenyooka na maandishi yamechapwa. Lakini mkataba wetu wa pango, wenye mhuri katikati na sahihi juu ya maneno, ulimtolea supu ya herufi. Siku hizi nampa kila faili jina la Kiswahili linaloeleza kilichomo, na tangazo likiwa fupi nalichapa. Dakika tano tu.

Mgeni humu

Samahani kwa kuuliza la msingi. Hiyo NVDA inauzwa kiasi gani, na wapi?

Mwalimu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Haiuzwi. Unaipakua bure kwenye tovuti ya NV Access, na atakayekudai fedha ya programu yenyewe, tofauti na ujira wa kukuwekea, usimlipe. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh, na wote wawili hawaoni, jambo ambalo mimi hulitaja darasani kila ninapopata upenyo. Ipo pia JAWS, kongwe zaidi, iliyotoka mwaka 1989 kwa kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano kabla ya kupoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari. Hiyo ni ya kulipia, na nayo ina pazia lake. Kwa nyumba yenye kompyuta moja na watu wanne sioni sababu ya kuanza na ya kulipia.

Ndugu wa Kigamboni, nimecheka kwenye "pale panaitwaje", kisha nikamwita mke wangu nikamsomea. Amesema nisimtazame hivyo. Nimemjibu kwamba simtazami.

Kijana wa Ubungo

Shikamooni wakubwa. Kwetu asiyeona ni mzee wangu, na swali langu ni la faragha, ila kwa upande wetu tunaoona. Nilikuwa nimeunganisha WhatsApp yangu kwenye kompyuta ya nyumbani ili nipakue kazi za chuo. Mzee alikuwa anasoma gazeti mtandaoni sebuleni, wajomba wamekuja, ujumbe wangu ukaingia, na ile programu ikausoma kwa sauti, jina la mtumaji na maneno yote. Sitaeleza yalikuwa maneno gani. Mzee hakusema kitu hadi leo, na hilo ndilo linalonitesa.

Mwalimu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Marahaba, kijana. Mzee wako hakuupekua ujumbe wako. Arifa inayojitokeza kwenye kona ya skrini, ambayo wewe ungeiona na kuipuuza, kisoma skrini huitangaza mara moja, na aliyekuwa anasikiliza gazeti hana namna ya kuziba sikio kwa habari hiyo peke yake. Ondoa WhatsApp yako kwenye akaunti anayoitumia yeye, iweke kwako, na ukimaliza utoke kabisa badala ya kufunga kifuniko tu. Kuhusu kunyamaza kwake, mimi ningekuwa yeye nami ningenyamaza. Mwamkie kama kawaida.

Na kwa kuwa umeitaja faragha, niseme na ya kwetu. Sisi hatujui nani amesimama nyuma ya kiti. Mtu akija kimyakimya akasoma barua yangu ya benki, sitajua kamwe, na watoto hufanya hivyo bila nia mbaya, kwa kuwa macho hayana adabu ya kugonga mlango. Ndiyo maana sitaliacha pazia hata baada ya aibu ile ya kwa fundi. Kilichobadilika ni kwamba sasa nabonyeza mara moja, sibonyezi mara mbili, na kabla ya kuinuka namwuliza aliye karibu, "Kioo kinawaka?" Kama hayupo mtu, naibonyeza tena na kusikiliza NVDA inasema nini.

Mama wa Mbagala

Narudi kutoa taarifa. Nimetoboa kava kwa wembe, F na J, na binti ameandika kurasa mbili jioni hii bila kunung'unika. Amesema nikuulize kwa nini hukutaja kwamba kava linaziba pia joto na kompyuta yake imekuwa ikipiga feni kama jenereta. Sijui kama ni kweli, ila nimeliondoa kabisa sasa. Lile dirisha la maneno limemfurahisha kaka yake mdogo kuliko wote. Anakaa anasoma anachokisikia dada yake, na amegundua kwamba jina lake kwenye simu ya dada limehifadhiwa kama "Msumbufu wa Pili".

Kuhusu hedifoni bado tunavutana. Wanaziacha zimechomekwa kila siku. Nimeamua tu hedifoni zikae kwenye kikapu jikoni, kwenye himaya yangu, na anayezitaka aje kuomba.

Mwalimu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Kikapu hicho nakiiba, Mama.

Yule fundi aliyetaka kubadilisha ubao mkuu amenipigia simu leo saa sita mchana. Ana mteja mwingine mwenye kioo cheusi, ameshabonyeza Caps Lock, Control na Escape mara nne na hakijawaka, na alitaka kujua kama kuna vitufe vingine. Nikamwuliza kama amechomoa hedifoni. Akasema hakuna hedifoni. Nikamwuliza kama kompyuta inaongea. Akasikiliza, nami nikasikiliza naye kupitia simu, sikusikia hata pumzi ya feni. Nikamwambia hiyo sasa ni ya kwake, aifungue.